Data za maabara zimepotea, hazisomeki au hazieleweki: anzia hapa kabla hujagusa kitu

Mimi sio fundi kompyuta. Kazi yangu ni maabara, natoa DNA kwenye mbu na kusoma pleti za sampuli hapa Tanga, ila kuna siku nilimrudishia dada mmoja tasnifu yake kutoka kwenye flashi iliyosemekana imekufa na toka siku hiyo kila mtu kwenye grupu letu akipoteza kitu anakuja mezani kwangu kabla hata ya kusalimia. Matatizo ni yale yale yanajirudia kwahiyo nimeyaweka hapa kwa dalili, angalia kinachokutokea wewe alafu shuka nacho, sababu ya kawaida iko juu na ya nadra iko chini. Sehemu nimeandika SIMAMA ujue pale nimeshaona mtu kazidisha ujuaji akaja kulia.

Kabla ya yote. Ukigundua data hazipo usisevu kitu chochote kipya kwenye hiyo flashi au diski. Faili ikifutwa mara nyingi yenyewe bado ipo, kompyuta imeondoa tu jina lake kwenye orodha, ila ukianza kukopi vitu vingine juu yake ndo unaifukia. Nimeona mtu anadaunlodi programu ya kurudisha faili na kuiweka kwenye diski ile ile iliyofutwa, jamani.

Dalili: "Faili ilikuwepo jana, leo siioni"

Mara nyingi haijapotea, imehamishwa. Mtu kaburuta folda kwa mausi bila kujua ikaingia ndani ya folda ya jirani, na kwenye kompyuta ya maabara inayotumiwa na watu saba hiyo ni kila wiki. Usitafute kwa jina maana jina hulikumbuki vizuri, tafuta kwa mwisho wa faili, andika *.xlsx au *.eds au chochote mashine yako inachotoa, alafu panga kwa tarehe iliyobadilishwa. Robo tatu ya waliokuja kwangu wameishia hapo.

Kama ni flashi na folda zako zimegeuka njia za mkato, zile zenye kimshale, hivyo ni virusi na faili zako zipo ila zimefichwa. Usibonyeze kile kimshale. Skani kwanza kwa antivairasi, alafu fungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, na kama flashi yako ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukae usubiri. Zitatokea. Kopi unachotaka, flashi ifomati, na ile kompyuta iliyokuambukiza itafutwe nayo iskaniwe la sivyo kesho uko hapa hapa. Mara nyingi inakuwa ile ya kuprintia.

Kama imefutwa kweli, angalia Recycle Bin, ila ujue kilichofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipiti huko, kinaenda moja kwa moja. Kama ilikuwa Google Drive ingia kwenye tovuti yenyewe, faili zilizotupwa zinakaa siku 30 kabla hazijafutwa jumla. Ikishindikana hapo ndo unakuja kwenye TestDisk na PhotoRec, programu za kurudisha faili, ni za bure, na unachorudisha unakiweka kwenye diski NYINGINE. PhotoRec itakurudishia faili bila majina yake, unapata mia nne zenye namba tu, andaa chai.

SIMAMA kama ilikuwa kwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya ndani ya laptopu na hiyo ndo kopi pekee. SSD za kisasa zina tabia ya kusafisha zenyewe nafasi ya faili zilizofutwa, kila dakika laptopu ikiwa imewaka unapoteza. Zima, peleka kwa wanaofanya kazi hiyo.

Dalili: Eksteno (diski ya nje) haisomeki, au Windows inasema ifomati kwanza

Kwanza jibu swali la kufomati: HAPANA. Funga hicho kidirisha.

Alafu waya. Ule wa eksteno wenye kichwa kipana kama pacha, unalegea haraka sana, hasa eksteno inayoingia na kutoka kwenye mikoba. Badilisha waya, badilisha porti, usipitishe kwenye kile kigawanyio cha porti nne, jaribu kompyuta nyingine. Hapa pwani kuna na kutu, hewa ya chumvi inakula vichwa vya chuma usione, sisi eksteno zetu sasa zinakaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko na vifuko vya silika, vile vile tunavyowekea vichupa vya mbu, tena silika maabara imejaa sijui kwanini hatukufikiria mapema.

Kama waya ni mzima na diski inaonekana ila haifunguki, huenda ilichomolewa ikiwa inaandika au umeme ulikatika katikati ya kukopi. Watu watakwambia piga chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Mimi nasema ngoja, chkdsk inarekebisha mpangilio wa diski na sio kuokoa data zako, na kwenye diski inayoumwa inaweza kumalizia kabisa. Kwanza toa kopi ya unachoweza kukitoa, TestDisk inaweza kukuonyesha faili bila kurekebisha chochote, ukishazikopi pembeni ndo upige chkdsk kwa raha zako.

SIMAMA kabisa ukisikia inagonga, ko, ko, ko, kimya, alafu ko tena. Hiyo ni mashine ya ndani imeharibika, sio programu. Usiiwashe tena ujaribu mara ya mwisho, kila ukiwasha unakwangua. Usiifungue kwa bisibisi mezani maana ndani kunatakiwa kusiwe na vumbi hata chembe. Na kwa sababu sisi ni watu wa maabara lazima atatokea mmoja aseme tuiweke kwenye friza ya -80, hiyo hadithi ipo miaka mingi mtandaoni, nakuomba usifanye, kwa unyevu huu wa Tanga ukiitoa tu inatoka jasho ndani na nje. Wataalamu wa kurudisha data wapo, ni ghali, kwahiyo bosi wa grupu ndo aamue kama data hizo zina thamani hiyo au ni nafuu kurudia jaribio.

Dalili: Bakapu inasema imefanyika, ukienda kutafuta faili haimo

Hapa nikae kidogo maana hili ndo limetuuma zaidi.

Tulikuwa na kompyuta ya mashine ya PCR (ya kuzidisha DNA), nikaiwekea kazi ya kujiendesha yenyewe kila usiku saa nne ikopi folda ya matokeo kwenda kwenye eksteno. Kila asubuhi kwenye ripoti naona imemaliza bila kosa. Nimeridhika. Ikafika mwezi wa nane dokta anaomba pleti ya mwezi wa sita, nafungua eksteno, faili ya mwisho ni ya mwezi wa pili. Kumbe mwezi wa pili fundi wa mashine alikuja kuservisi, akaapdeti programu, na programu mpya ikaanza kuhifadhi kwenye folda yake mpya. Ile kazi yangu ilikuwa inaenda kwenye folda ya zamani kila usiku, inakuta hakuna kipya, inaandika imefanikiwa, inalala. Miezi sita. Na haikudanganya hata mara moja! Bahati yetu ile kompyuta ilikuwa bado nzima.

Sababu kwa mpangilio wa nilivyokutana nazo:

1. Folda ya chanzo imebadilika kama hivyo. Angalia ripoti imekopi faili NGAPI, usiangalie neno la kufanikiwa. Ikiwa ni sifuri siku tano mfululizo na maabara inafanya kazi, kuna jambo.

2. Herufi ya diski imehama. Mtu kachomeka flashi yake kwanza ikachukua E, eksteno ikawa F, kazi inatafuta E. Nenda Disk Management ya Windows ipe eksteno herufi ya mbali kama R au T ambayo flashi haiwezi kuifikia.

3. Kompyuta ilikuwa imezimwa au laptopu iko kwenye betri. Task Scheduler, kile kipanga ratiba cha Windows, kwa kawaida yake haianzishi kazi kama laptopu haiko kwenye umeme, kuna kiboksi cha kuondoa tiki. Na kuna kingine cha kuiambia kama muda ulipita basi ifanye mara itakapowezekana, hicho weka tiki, kwa umeme wetu hicho ni lazima.

4. Pasiwedi ya kompyuta ilibadilishwa, kazi bado ina ya zamani.

5. Diski imejaa. Sijui kwanini hii huwa tunaifikiria mwisho.

Kipimo chenyewe: kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi mtu mmoja anachagua faili moja yoyote ya zamani na moja ya wiki hii, anazitoa kwenye bakapu, anazifungua kwenye kompyuta NYINGINE. Dakika kumi. Ukitaka uhakika zaidi kama faili ni ile ile hadi herufi ya mwisho, andika kwenye Command Prompt certutil -hashfile jina_la_faili SHA256 kwenye zote mbili ulinganishe ile mistari, ikitofautiana hata herufi moja hizo sio faili moja.

Onyo kwa wanaotumia robocopy, amri ya Windows ya kukopi folda. Ukiweka /MIR inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, maana yake kilichofutwa huku kinafutwa na kule. Ukikosea ukageuza chanzo na mwisho unafuta bakapu yako mwenyewe kwa sekunde. Tumia /E kama huna uhakika. Na usijione mjinga, Chuo Kikuu cha Kyoto Japani, watu wenye kompyuta kubwa ya utafiti, Desemba 2021 walipoteza terabaiti 77 za data za watafiti, na kilichofuta ni programu ile ile ya bakapu, iliapdetiwa vibaya.

Na Google Drive inayojisawazisha na laptopu usiihesabu kuwa bakapu peke yake. Ukifuta kwenye laptopu inafuta na juu. Inakusaidia laptopu ikiibiwa, haikusaidii mkono ukiteleza na ukagundua baada ya miezi miwili. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndo aliyeisambaza ile hesabu ya 3-2-1, kopi tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Kwetu: ya kwanza kompyuta ya maabara, ya pili eksteno kwenye kontena la silika, ya tatu iko mbali. Bando likiwa dogo eksteno ya pili ikae ofisi nyingine mjini mnabadilishana kila wiki, hiyo nayo ni mbali, ila iwe imefungwa kwa pasiwedi maana njiani kuna bodaboda.

Dalili: Kukopi kunagoma katikati

Faili moja inazidi GB 4 na flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani, hiyo haibebi faili kubwa hivyo hata ikiwa na nafasi. Hamisha vilivyomo, ifomati exFAT. Kama sio hivyo basi njia ya faili (majina ya folda zote hadi faili yenyewe) ni ndefu, Windows kwa kawaida inagoma njia ikizidi herufi 260, na sisi kwa kupenda folda ndani ya folda, "Data za mbu Muheza awamu ya pili zilizosahihishwa na dokta"... fupisha majina, kwisha.

Kama flashi ni ya "2 TB" uliyoiokota mtaani kwa bei ya chipsi kuku, hiyo ni feki. Inajitangaza kubwa, ukipita ukubwa wake wa kweli inaanza kuandika hewani au juu ya vitu vya mwanzo, na majina ya faili unayaona yapo. Ijaribu na programu ya H2testw kabla hujaiamini, itachukua hata usiku mzima, na feki usipambane nayo, itupe.

Dalili: Faili inafunguka vizuri ila data zilizomo sio ulizoingiza

Hii mbaya kuliko kupotea maana huijui. Na mara tisa kati ya kumi ni Excel inakusaidia bila kuombwa.

Namba za sampuli: 0047 inakuwa 47. Kodi ya sampuli 12E4 inakuwa 1.20E+05, yaani laki na ishirini elfu, kwa sababu Excel inadhani umeandika namba ya kisayansi. Tulikuwa na boksi la sampuli limepangwa kwa namba na herufi, safu A hadi D ziko salama, safu E yote imegeuka mamilioni, mwanafunzi anasema sampuli za E zimepotea kwenye friza, anazitafuta na glovu mkononi, kumbe zipo zinamtazama. Jina la jeni SEPT2 linakuwa tarehe 2 Septemba, na MARCH1 tarehe 1 Machi, hili lilisumbua dunia nzima hadi mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikabadilisha majina yenyewe, sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Wanasayansi wamemkimbia Excel, fikiria.

Tarehe ndo usiseme. 03/04/2024 kwenye laptopu moja ni Aprili, kwenye nyingine iliyowekwa kimarekani ni Machi, na ikifika tarehe 13 inagoma inakuwa maandishi, kwahiyo nusu ya safu ni tarehe na nusu sio. Andika 2024-04-03, mwaka mwezi siku, haina mjadala, na hata majina ya faili yakianza hivyo yanajipanga yenyewe.

Kuangalia haraka: tarehe na namba halisi zinajipanga kulia mwa kiboksi, maandishi kushoto. Safu yenye mchanganyiko ina ugonjwa. Kurekebisha: usifungue faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) kwa kuibonyeza mara mbili, iingize kupitia menyu ya Data na useme safu ya kodi ni maandishi. Na kwa sampuli mpya anzisheni kodi isiyoweza kudhaniwa kitu kingine, sisi ni TG-0047, herufi mbele, kistari, namba.

Nadra kidogo ila inaua: mtu kapanga safu moja peke yake, majina yakahama matokeo yakabaki. Excel ilimuuliza akabonyeza haraka. Hii hairekebishiki kwa akili, rudi kwenye faili ghafi, ndo maana faili ghafi ya mashine iwe ya kusoma tu na isiguswe na mtu, kazi ifanyike kwenye kopi. Nyingine, bado unasevu .xls ya zamani ambayo inaishia mistari 65,536. Uingereza mwaka 2020 walipitwa na wagonjwa 15,841 wa korona kwenye hesabu kwa hiyo hiyo.

Picha za hadubini zikionekana zina ukungu uliza zilitumwa vipi. Kama ni WhatsApp kama picha basi imeshazibana, omba faili halisi ya TIFF itumwe kama dokumenti.

SIMAMA kama hizo data zimeshatumika kwenye ripoti au makala. Usirekebishe kimya kimya. Mwambie bosi wa grupu leo, na mtakwimu.

Dalili: Faili zote za mashine zina tarehe ya miaka ya nyuma

Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ya mashine imekwisha, ni CR2032, dukani zimejaa. Kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Mnaweza kuibadilisha wenyewe ikiwa kompyuta ni ya kawaida, ila ikiwa imejengwa ndani ya mashine muite fundi, usivunje garantii kwa kibetri. Faili ambazo tarehe zimeshaharibika zipangwe kwa daftari la maabara, na hapo ndo utajua nani anaandika daftari na nani anaandika kwenye glovu.

Dalili: Faili zote zimebadilika mwisho na kuna barua ya kudai pesa

SIMAMA hapo hapo, hivyo ni virusi vinavyofunga faili hadi ulipe. Chomoa intaneti, chomoa eksteno, usichomeke bakapu "kuangalia kama imepona". Waite watu wa TEHAMA wa taasisi. Kama mlikuwa mnaacha eksteno imechomekwa siku zote nayo imeliwa, ile ya jengo jingine ndo itawaokoa. Kama ndani kuna taarifa za wagonjwa, hilo sio la maabara peke yake tena, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayotumika toka Mei 2023, uongozi lazima ujue siku hiyo hiyo. Na majina ya wagonjwa yakae mbali na matokeo, orodha ya kodi na majina iwe faili moja iliyofungwa, isiwe kwenye Gmail ya mtu.

Dalili: Data zipo, ila aliyezikusanya hayupo

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, wanafunzi wa masta ndo kabisa. Anamaliza, anaagwa kwa soda, data ziko kwenye laptopu yake na safu zinaitwa x1, x2, x2mpya. Kwanza tafuta daftari na baruapepe alizomtumia msimamizi, mara nyingi kuna kopi ya katikati. Pili angalia tableti za kukusanyia data, kuna fomu zinabaki humo zimejazwa ila hazijatumwa. Tatu, kama laptopu aliiacha ila imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows, inataka ule ufunguo wa tarakimu 48, na kama aliingia kwa akaunti yake ya Microsoft huenda umehifadhiwa huko, anaweza kuusoma mwenyewe akiwa popote. Bila huo ufunguo hakuna fundi wa kukusaidia, usimpe mtu hela. Ukimpata muulize na maana ya x2mpya mkiwa bado kwenye simu, uandike, na mpigie leo kabla hajabadilisha laini.